Kovu la Upande wa Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, kama umewahi kupimwa damu katika ile maabara iliyo nyuma ya soko la hina hapa mjini Gabes, basi umekutana na Lazhar Ghorbel. Yule mrefu, mwenye masharubu, ambaye ulikuwa hujamaliza kukunja uso na sindano imeshatoka.

Jumatano alikuwa kazini. Alhamisi, kabla ya adhana ya alasiri, alikuwa amefariki. Narudia, maana hata sisi hapa studio tuliulizana mara mbili kama tumesikia vizuri. Jumatano kazini. Alhamisi amefariki. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Mjane wake, Bi Wassila, ametuomba tusimulie yote. "Msimpambe," alituambia. "Semeni kama ilivyokuwa."

Basi ilikuwa hivi.

Lazhar aliipenda kazi yake kupita kiasi. Mgonjwa akiwa na subira, alimwita kwenye darubini aione damu yake mwenyewe. Bi Wassila alikuwa hapo siku alipomwita mama mmoja muuza samaki.

"Njoo uone, mama. Hii chembe kubwa nyeupe imeshammeza mdudu. Imevimba kama mjomba aliyetoka kula kuskusi ya harusi."

"Ondoka hapa! Hayo yamo ndani yangu mimi?"

"Maelfu kwa maelfu. Na nyingine zina kumbukumbu. Ukichanjwa, zinaishika sura ya mdudu. Akirudi baada ya miaka, zinamjua kabla hajavua viatu."

Watu walicheka, na walielewa. Lazhar ndiye aliyesukuma nusu ya mtaa kwenda kuchanja watoto wao. Kumbukeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Mtu huyu alijua jinsi mwili unavyojilinda. Alijua kuliko wengi wetu.

Alhamisi ile, saa moja asubuhi, Bi Wassila alimletea kahawa na bakuli la bsisa, uji wa unga wa nafaka zilizokaangwa. Akamkuta ameketi kitandani anatetemeka, meno yanagongana, blanketi mbili mabegani.

"Mafua tu," Lazhar alisema. Kisha akachukua funguo za kazini mezani.

"Kazini? Na homa hii? Umerukwa na akili, baba Eya?"

"Sifanyi kazi. Kuna kitu nataka kuchukua, nirudi."

"Kitu gani?"

Akamtazama mkewe. Bi Wassila anasema alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Basi," akasema. "Si kitu. Niite tu teksi."

"Teksi ya nini? Lala. Nakupikia supu."

Bi Wassila akazichukua zile funguo mkononi mwa mumewe, akazitia mfukoni mwa aproni yake. Akamfunika. Akaenda jikoni.

Saa tatu na nusu alirudi na supu. Midomo ya mumewe ilikuwa imegeuka rangi. Mikononi na miguuni yalikuwa yametoka madoa ya zambarau, kama mtu aliyepigwa. Maneno yake hayakueleweka tena. Bi Wassila akapiga kelele, jirani akaleta gari, saa nne walikuwa hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Hakupoteza hata dakika. Huku anaagiza dawa za kuua bakteria zitiwe moja kwa moja kwenye mshipa, alikuwa anauliza.

"Ana sukari?"

"Hana."

"Amewahi kupasuliwa?"

"Ndiyo, kidole tumbo. Zamani, kabla hatujaoana."

Daktari akaitikia, akaendelea na kazi. Baada ya saa moja majibu ya damu yakaja. Akayasoma, akaingia ndani, akatoka tena. Akaketi karibu na Bi Wassila.

"Mama, kidole tumbo kiko upande wa kulia. Kovu la mumeo ni refu na liko kushoto, chini ya mbavu."

"Aliniambia kidole tumbo."

"Mumeo hana bandama, mama. Damu yake inaonyesha. Ndani ya chembe nyekundu kuna vipande ambavyo bandama lingekuwa limeviondoa. Aliondolewa zamani."

Bi Wassila anasema hakuelewa. Alifikiri daktari amechanganya majina ya wagonjwa. Miaka ishirini na tisa ya ndoa! Alilifua shati la mtu huyu, alilisugua tumbo lake mafuta alipoumwa, na hakujua kilichomo na kisichokuwemo.

Daktari akamweleza polepole. Kuna bakteria wenye ganda linaloteleza. Chembe nyeupe zinajaribu kuwashika, wanaponyoka. Bandama ndilo linalowachuja kwenye damu na kuwanasa. Tena hapo ndipo mwili unapotengeneza haraka kingamwili za kuwatia alama, wapate kushikika. Asiye na bandama huishi vizuri tu, hufanya kazi, huzaa. Lakini bakteria hao wakimwingia, wanaongezeka saa kwa saa. Homa ya asubuhi inaweza kumuua jioni.

Kwa Lazhar haikungoja jioni. Saa tisa kasorobo daktari alitoka akiwa amevua glavu, na Bi Wassila akajua.

Siku ya tatu ya msiba, kaka wa marehemu, Bwana Mokdad, alimwita shemeji yake pembeni. Mzee wa miaka sitini, analia mbele za watu.

"Alianguka kutoka kwenye mtende, shemeji. Msimu wa tende, kwenye shamba letu la Chenini. Bandama likapasuka, wakalitoa. Posa yako ilikuwa imeshapelekwa. Baba akasema, baba yako hatampa binti mtu aliyepungukiwa kiungo. Akatuapisha tuseme kidole tumbo."

"Na baadaye? Baada ya Eya kuzaliwa? Baada ya baba yangu kufa?"

"Nilimwambia aseme. Kila mwaka nilimwambia. Alisema, nitaanzaje sasa?"

Wasikilizaji wapendwa, bado hatujafika mwisho. Wenzake wa maabara walifungua droo yake. Walikuta kadi ya chanjo, imeandikwa chanjo moja tu, ya mwaka ule aliopasuliwa. Zilizotakiwa kufuata hazikuandikwa. Na nyuma ya kadi, vidonge. Dawa ya kuua bakteria, ile ambayo mtu asiye na bandama hupewa aimeze mara tu homa inapoanza, kisha akimbilie hospitali. Alizinunua mpya mwezi wa kwanza. Aliziweka kazini, kwa sababu nyumbani zingeulizwa ni za nini.

Hizo ndizo alizokuwa anazifuata asubuhi ile.

Bi Wassila alirudi kwa yule daktari. Alimuuliza swali moja tu. Kama nisingechukua funguo?

"Pengine angepona," daktari alimjibu. "Pengine asingepona. Sijui, mama, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba ulimlaza mtu mwenye mafua. Wewe hukuambiwa ugonjwa mwingine."

Bi Wassila alipotusimulia haya, hapa kwenye kiti kinachotazamana na changu, alikuwa na hasira. Sikutegemea. Nilitegemea machozi. "Ningemtaka hivyo hivyo," alisema. "Hata baba angekataa, ningemtaka. Hakunipa nafasi ya kumwambia."

Kwa Bi Wassila, kwa binti yao Eya, kwa Bwana Mokdad na ukoo wote wa Ghorbel, tunawapa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Lazhar na awape subira.

Na wewe unayenisikiliza. Kama uliwahi kutolewa bandama, kamilisha chanjo zako, na homa ikikushika usingoje supu. Kama kuna jambo la mwili wako unalolificha kwa aibu, lolote lile, leo mwambie mtu mmoja unayelala naye nyumba moja. Siku daktari atakapouliza, huenda wewe huwezi kusema, na atakayeulizwa ni yeye.