Kiti cha Pili cha Mama Dalili

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya wajawazito, mkunga tunayemwita Mama Dalili anastaafu. Jina hilo alipewa na wajawazito wenyewe, maana hakuna aliyetoka darasani kwake bila kuzitaja dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, mtoto kuacha kucheza. Ukikosea, unaanza upya, hata kama mguu umekufa ganzi.

Hapo mwanzo aliwafundisha wajawazito peke yao, na waliowasindikiza wakasubiri nje. Mdogo wake wa tumbo moja alikaa mstari wa mbele, mimba yake ya kwanza, na dalili zote alizijua. Kichwa kilipomuuma na macho yakaona ukungu, aliomba apelekwe hospitali. Mumewe na mama mkwe wakamwambia apumzike kwanza, ni uchovu tu. Hawakuwa watu wabaya, hawakujua. Alifikishwa kwetu amechelewa, akafa mikononi mwa dada yake, yeye na mtoto.

Aliporudi kutoka msibani, Mama Dalili alitoa viti stoo akavipanga viwili viwili. Tangu hapo hakuanza somo mpaka kila mjamzito awe na mtu wake wa nyumbani ubavuni. Tulinung'unika, foleni ilirefuka. Waume walikuja wamenuna. Dereva mmoja wa lori alizirai somo lilipofika kwenye damu, ikabidi tumpime presha yeye kabla ya mkewe. Lakini ni dereva huyohuyo aliyemleta mkewe mbiombio alipomwona amevimba uso, na leo mtoto wao yuko sekondari.

Juzi, katika somo lake la mwisho, alikuja binti asiye na mtu. Mama Dalili alinikabidhi somo, akaenda kukaa kwenye kiti cha pili, akasema mtu wa binti huyu ni yeye. Nilipofika kwenye kichwa kuuma, Mama Dalili alikuwa analia huku akiitikia pamoja na wengine. Somo lilipokwisha, alimwandikia binti namba yake ya simu.

Asante, dada yetu. Viti tutaviacha viwili viwili. Tunakuombea afya njema na usingizi mnono, ingawa tunajua simu hutaizima mpaka binti yule ajifungue.