Sekunde Kumi na Moja za Mme Matshediso

Alhamisi tarehe 8 Novemba 2018, saa tisa mchana, katika wodi ya wanawake hapa Bloemfontein, walikuwepo Puleng, binti wa marehemu, jirani yake Dineo Letsie, muuguzi Keneuwe, wagonjwa wanne wa vitanda vya karibu, na Tokelo, kijana wa runinga aliyetoka Johannesburg kwa basi akiwa amefunga kompyuta yake kwenye taulo, na hao ndio waliomsindikiza Mme, yaani Mama, Matshediso Moletsane, ambaye leo tumekusanyika kumzika.

Mme Matshediso alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Thaba Nchu, mtoto wa tatu wa Ntate Tshokolo Nthako na mkewe Disebo, akasoma shule ya misheni tangu 1957 hadi 1963, alikoishia darasa la sita, na huko mwalimu wa kwaya, akiona hana viatu, alimweka kila asubuhi ya baridi mstari ulio karibu na jiko, akisema sauti yake inafaa kutokea pale.

Mwaka 1971 alikuwa akifua mashuka ya watu mjini, na siku moja akiyaanika huku anaimba, Ntate Moeketsi Phooko, aliyetunga mchezo wa nyimbo uitwao Mablanketi Mawili, alisimama nje ya ua akamwuliza, "Binti, una miaka mingapi?" naye akajibu, "Ishirini na miwili, Ntate," na mzee akasema, "Basi kuanzia leo una hamsini," kwa kuwa nafasi iliyokuwa wazi ni ya mama mzee, anayekwenda stesheni kila Jumamosi na mablanketi mawili, moja la mume na moja la mwana, akingoja watoke migodini.

Katika wimbo wa mwisho mama huyo huuliza, "Nani ameshuka?" halafu vyombo vyote hunyamaza, na wanaojibu si waigizaji bali watu waliokaa ukumbini, "Ni mimi, mama, nifunike," na tangu Kroonstad hadi Welkom hakuna ukumbi uliofundishwa jibu hilo wala uliolikosa, wake ambao waume zao hawakuwa wameandika barua miaka mingi waliwajibia, na waliokuwepo wanasema treni ilikuwa kama imeingia ndani, imesimama katikati ya viti, na mvuke wake unagusa nyuso za watu.

Tarehe 6 Aprili 1974 alifunga ndoa na Lefa Moletsane, dereva wa basi la kikundi cha mchezo huo, ambaye majira ya baridi alikuwa akipasha tofali moto, analizungushia gazeti, na kuliweka chini ya miguu ya mkewe, akafanya hivyo hata nyumbani hadi alipofariki mwaka 2003, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Puleng mwaka 1976, na Seabata mwaka 1979.

Kikundi kilivunjika mwaka 1978, naye akashona sare za shule kwa miaka ishirini na saba, na pindo za watoto wa maskini aliziacha ndefu ili ziweze kushushwa, lakini tarehe 20 Agosti 1999 mwamba uliporomoka katika mgodi alimokuwa Seabata, mwili wake haukupatikana, na kuanzia hapo Mme Matshediso kila alipopiga pasi aliuimba wimbo ule mpaka kwenye swali, kisha hunyamaza kidogo, halafu huendelea na nguo nyingine.

Mwaka 2018 watu wa runinga waliamua kuifufua michezo ya zamani ya jukwaani, na kwa kuwa Mablanketi Mawili haukuwahi kuandikwa popote, walimfuata aufundishe kwa mdomo, naye mwongozaji Refiloe, msichana wa umri wa wajukuu, alipomsikia alimwomba acheze nafasi yake mwenyewe, sasa bila kupakwa mvi.

Tarehe 12 Juni, studioni, aliimba "Nani ameshuka?" akanyamaza, na Refiloe akaita, "Kata! Mama, umesahau mstari?" naye akajibu, "Sijasahau, mwanangu, nawangoja watu," akaambiwa, "Watu gani tena, mama? Hapa kuna kamera tu," wakarudia, akangoja tena, wakarudia mara ya tatu, na ndipo nyuma ya mwanga fundi wa taa, mtu mzima, alivua kofia akajibu, akafuata mama wa chai na sinia mikononi, kisha studio nzima, na Refiloe akakaa sakafuni.

Waliafikiana kwamba sauti za studio zitaondolewa na nafasi ibaki tupu, sekunde kumi na moja, ili watu wajibu majumbani mwao, na Mme Matshediso, ambaye hakuomba gari wala gauni, aliomba hilo moja tu, "Msiikate, mwanangu, mtoto wangu yumo humo."

Jumapili tarehe 23 Septemba, saa kumi na mbili jioni, mtaa wetu wa Batho ulijaa nyumbani kwake, wengine wamesimama madirishani, swali likaulizwa, vifua vikajaa pumzi, na papo hapo likaingia tangazo la sabuni, Dineo akapiga kelele, "Wametukata ulimi hawa!" na marehemu akasema, "Kuleni, jamani, nyama inapoa," akaanza kugawa sahani.

Wakubwa wa runinga walihofu kwamba kwa ukimya ule watazamaji wangedhani runinga zao zimekufa, wangezipiga makofi, na Refiloe alipompigia simu akilia, marehemu ndiye aliyembembeleza, "Nyamaza, hukushika mkasi wewe," lakini wiki ile miguu ilianza kuvimba, madaktari wakasema ni moyo, akalazwa tarehe 15 Oktoba.

Aliyeshika mkasi ni Tokelo, kwa amri, naye alikihifadhi kile kipande, akakileta wodini tarehe 8 Novemba, akasimama mlangoni akisema, "Mama, ni mimi niliyekata," na marehemu akamwuliza, "Umekula?" ikabidi Puleng ampe mkate kwanza, ndipo kompyuta ikafunguliwa, swali likaulizwa, ukimya ukaja, na wodi ikajibu, mgonjwa mmoja akiwa ndani ya barakoa ya hewa, Keneuwe akiwa na kipimajoto mkononi, Tokelo akiwa na mkate mdomoni, na Mme Matshediso, macho ameyafumba, aliinua ukingo wa blanketi la hospitali kama mtu anayempisha aliyetoka kwenye baridi, akaushusha taratibu, na saa tisa na robo alifariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Batho waliofagia ua bila kuombwa, mafundi wenzake wa kushona waliomshonea vazi hili la mwisho, fundi wa taa na mama wa chai waliosafiri usiku kucha kufika hapa, na Refiloe, aliyepanda ngazi za wakubwa wake mara tano.

Lala sasa, Mme wetu, umengoja vya kutosha.

Jumapili iliyopita, tarehe 11 Novemba, saa kumi na mbili jioni, runinga ilirudia Mablanketi Mawili, na hawakukata kitu.