Ahadi ya Ezira na Rangi ya Nyamwiza

Jumamosi ya tarehe 3 Januari, saa nne asubuhi, kwenye benchi la kahawa la Kashojwa, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walikuwepo hawa. Perpétue, mwenye birika, vikombe kumi na benchi lenyewe. Jina lake ni Perpétue, wala si Perpetua, na hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu. Modeste Byamungu, fundi wa redio, aitwaye Avoka, yaani wakili, kwa kuwa hajawahi kukubali kosa lolote. Gad, mwendesha boda wa Kakoba, Mbarara, ambaye hurudi kwetu Nakivale kila mwisho wa juma akiwa na habari za mji mzima, na kwa hiyo huitwa Satelaiti. Ezira, mfugaji ambaye kwa sasa hana ng'ombe, aitwaye Lundi, yaani Jumatatu kwa Kifaransa, kwa sababu kila jambo atalifanya lundi. Jocelyne, mgeni kutoka Uvira, mwenye siku nane tu kambini, aliyekaa mwisho wa benchi bila kusema neno. Na mimi Eliezeri, ninayeshika daftari, kwa hiyo wananiita Karani. Hakuwepo Sebagabo, kaka mkubwa wa Ezira, aishiye Kakoba. Ninamwandika hapa kwa sababu ndiye aliyetajwa kuliko wote.

Desturi yetu ni kwamba Jumamosi ya kwanza ya mwaka kila mtu hutamka ahadi yake, nami naiandika. Mwaka ukizunguka naisoma mbele ya wote, ndipo tuandike nyingine. Hakuna faini. Kuna kicheko cha Perpétue tu, na kinatosha.

Nilianza na Gad. Aliahidi kumposa Umuhire kabla ya mavuno. Umuhire aliolewa mwezi wa saba na fundi cherehani.

Gad: Miye nilikuwa njiani.

Perpétue: Njiani miezi saba? Na pikipiki?

Gad: Barabara ni mbaya, mama. Muliza mtu yeyote.

Perpétue: Yule fundi cherehani alikuja kwa miguu.

Gad: Ndiyo nasema! Barabara ni mbaya kwa pikipiki!

Nikafungua ukurasa wa pili.

Mimi: Modeste Byamungu. "Nitatengeneza redio ya Perpétue na kumrudishia ikiwa inaongea."

Perpétue: Iko wapi redio yangu, Avoka?

Modeste: Ile redio iko muzima kabisa, mama.

Perpétue: Iko wapi?

Modeste: Iko fasi mingi.

Perpétue: Niliona spika yake juu ya mulango ya kuku wako.

Modeste: Inapumzika. Karani, mbele ya kunihukumu, uliza kwanza hii: nani alisema mwaka imeisha?

Mimi: Kalenda, ndugu yangu.

Modeste: Kalenda ya nani? Ngoja, nitajibu. Lakini soma kwanza ya Papa Lundi, tusihukumiwe mumoja-mumoja kama kuku.

Ezira akatazama kikombe chake. Nikasoma kama ilivyoandikwa:

"Mimi Ezira nitakwenda Kakoba kumwamkia kaka yangu Sebagabo kabla mwaka haujaisha, hata akisema bihogo."

Hata Perpétue hakucheka. Mgeni alinitazama, nami nikamweleza. Miaka sita iliyopita, kwenye arusi ya Uwamahoro, binti wa Sebagabo, baba wa bibi arusi alisimama kusifu ukoo wake mbele ya wakwe, na kwetu mlimani, huko Kongo, kusifu ukoo ni kusifu ng'ombe. Alimtaja Nyamwiza, ng'ombe wa marehemu baba yao, aliyetumbukia korongoni huko Bijombo mwaka 1971. Akasema alikuwa bihogo, ndiyo nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Ezira, mdogo wake, akainuka kati ya wageni mia mbili akasema, "Samahani, kaka. Alikuwa gaju." Gaju ni nyekundu ya mwanga, kama udongo wa njia. Wakwe waliangalia viatu vyao. Tangu siku hiyo ndugu hao hawajaonana.

Gad: Papa Lundi, nilimubeba Mzee Sebagabo juzi, kumurudisha kwake kutoka kwa daktari. Banange, anakohoa mpaka pikipiki inatikisika. Akaniuliza, "Ssebo, bwana, yule wa ng'ombe nyekundu bado yuko hai?"

Ezira: Alisema nyekundu gani?

Gad: Alisema nyekundu tu.

Ezira: Nyekundu ya mwanga au nyekundu ya giza?

Gad: Mzee, alikuwa anakohoa!

Ezira: Basi hajabadilika. Nitakwenda lundi.

Perpétue: Lundi ya mwaka gani? Ile ulisema imeisha.

Modeste: Haijaisha! Na leo nitabatetea bote. Mgeni, mama Jocelyne, weye ulizaliwa mwezi gani?

Jocelyne: Wa sita.

Modeste: Na kwenye karatasi ya kambi walikuandika mwezi gani?

Jocelyne: Nilisema siikumbuki tarehe. Wakaandika tarehe moja Januari.

Modeste: Munaona! Miye mama alinizaa wakati wa kuvuna muhogo. Karatasi yangu: tarehe moja Januari. Gad: tarehe moja Januari. Papa Lundi: tarehe moja Januari. Kashojwa muzima tulizaliwa siku moja, utasema tulishuka na lori. Sasa, ikiwa hiyo siku si yetu, na mwaka inayoanza siku hiyo je? Si yetu pia! Mwaka yangu itaisha muhogo ikiiva. Redio haijachelewa.

Perpétue: Muhogo wako wa mwaka jana uliliwa na mbuzi.

Modeste: Basi mwaka jana haikuisha.

Nilitaka kusema kwamba mimi nina cheti cha ubatizo chenye tarehe yangu halisi, lakini Gad alikuwa ameshashika usukani.

Gad: Avoka, unaona karibu. Mutu ana mwaka mbili. Moja ya mama yake, moja ya ofisi. Zote zinatembea pamoja kama magurudumu. Ukichelewa kwa moja, uko mapema kwa ingine. Kwa ile ya mama yangu, miye sijaanza hata kumupenda Umuhire.

Perpétue: Mumewe atafurahi.

Ezira: Na mimi mwaka wangu uanze lini?

Hapo niligundua kwamba Ezira hatanii. Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya fimbo, kama mtu anayeuliza bei ya dawa.

Modeste: Weye, papa, uliingia Nakivale siku gani?

Ezira: Tarehe ishirini, mwezi wa pili.

Modeste: Kwisha. Mutu huzaliwa fasi anapokewa. Mwaka yako itaisha tarehe ishirini ya mwezi wa pili. Una wiki saba. Usikimbie. Haraka haraka haina baraka.

Gad: Na mwenda pole hajikwai.

Modeste: Na asiyekwenda kabisa hajikwai hata kidogo.

Perpétue: Nyinyi mutajibu mbele ya Mungu. Ni kaka yake! Damu ni nzito kuliko maji.

Modeste: Ndiyo maana! Kitu kizito hakipelekwi mbio.

Ezira akageuka kwangu, uso wake mwepesi kuliko nilivyouona tangu Noeli.

Ezira: Karani, andika: bado muda.

Nilishika kalamu. Sikuandika. Nilisema wino ulikuwa mzito.

Gad akatoa simu yake, ile ndogo iliyofungwa kwa mpira.

Gad: Ngoja, iko jambo kubwa kuliko hayo yote. Kila betri ikiisha na nikiiwasha tena, munajua inaandika nini? Tarehe moja Januari, mwaka elfu moja mia tisa sabini. Angalieni.

Tukaangalia. Ndivyo ilivyoandika.

Modeste: Hata simu balizaliwa tarehe moja Januari!

Gad: Acha hiyo. Sikilizeni vizuri. Simu inaongea na mnara, mnara inaongea na satelaiti, satelaiti iko juu, inaona dunia yote. Ikisema tuko sabini, inajua kitu. Karani, Nyamwiza alikufa mwaka gani?

Mimi: Sabini na moja.

Gad: Basi bado yuko hai! Ana mwaka muzima wa kukula majani! Kwa nini tunabishana rangi ya ng'ombe tunayeweza kumuendea na kumuangalia?

Perpétue alicheka hadi akashika nguzo ya kibanda. Lakini Ezira hakucheka. Alisema polepole kwamba kama kweli ni sabini, basi aambiwe baba yake asimpeleke Nyamwiza upande wa korongo, kwa sababu mvua ya mwaka huo ilikuwa mbaya. Modeste akaomba kikombe kisafi.

Modeste: Tusiende Bijombo. Tumutengeneze hapa. Mama, mimina kahawa. Hii nyeusi ni usiku. Tia maziwa. Papa, sema ukiona ng'ombe.

Perpétue akatia maziwa tone kwa tone.

Ezira: Bado. Bado. Ongeza.

Modeste: Hapo hapo! Huyo ni ng'ombe!

Ezira: Huyo ni bihogo. Huyo ni wa Sebagabo. Ongeza.

Gad: Imekuwa nyeupe sasa.

Ezira: Umezidisha. Huyo ni ng'ombe wa mtu mwingine. Anza upya.

Akaanza upya. Kikombe cha pili kilikuwa cheusi mno, cha tatu Ezira alikitazama kwa muda mrefu juani, akakigeuza, akasema upande wa mbavu ni sawa ila shingo hapana. Cha nne ndicho tulichokubaliana kwamba kinakaribia. Ezira alikuwa ametokwa na jasho. Nilipogeuka kuandika, nikasikia mtu akimeza.

Perpétue: Satelaiti! Umekunywa ushahidi!

Gad: Ilikuwa inapoa.

Ezira: Ilikuwa ndiyo yenyewe! Ilikuwa gaju kabisa!

Gad: Kwa ulimi ilikuwa bihogo, mzee. Nisamehe.

Modeste: Mama, kikombe cha tano! Haraka, mbele ya jua kubadilika!

Perpétue aliinamisha birika. Likatoa matone mawili na machicha. Maziwa nayo yalikuwa yamekwisha. Alipiga jagi kwa chini, likalia kama ngoma tupu.

Perpétue: Mumekula ng'ombe muzima na hakuna aliyeshiba. Nendeni kwenu.

Ndipo Jocelyne akasogeza kikombe chake, ambacho tangu asubuhi alikuwa hajakigusa, mpaka mbele ya Ezira. Ndani kulikuwa na kahawa nyeusi iliyopoa. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyejua bado wapi panaruhusiwa kuongea.

Jocelyne: Papa, samahani, mimi ni mgeni. Nimesikia mwaka wa huyu unaisha na muhogo, na wa huyu una magurudumu mawili, na wako unaisha mwezi wa pili. Sawa. Na wa kaka yako? Mwaka wake unaisha lini?

Nilimtazama Modeste. Modeste alimtazama Gad. Gad alitazama simu yake, ikazimika.

Modeste: Mama, hiyo swali... mbele ya kujibu, lazima tujue...

Hakumaliza. Ni mara ya kwanza nimeandika sentensi yake isiyo na mwisho.

Ezira akanywa kile kikombe cha mgeni chote, kama dawa. Akasimama, akapangusa suruali.

Ezira: Satelaiti, pikipiki ina mafuta?

Gad: Iko nayo, mzee. Mpaka Mbarara.

Modeste: Lakini papa, leo si lundi! Kesho ni ibada, weye ni shemasi, nani atafungua kanisa?

Ezira akanitupia ufunguo wa kanisa. Sikuudaka, niliuokota chini ya benchi.

Perpétue: Papa Ezira, na ukifika, akisema bihogo?

Lilikuwa swali la kweli, na tuliona lilivyomwingia. Alikuwa amekwisha kupanda nyuma ya Gad, fimbo ameilaza mapajani.

Ezira: Nitamwamkia kwanza. Halafu nitamwambia ni mwongo.

Wakaondoka. Vumbi lilipotulia, Modeste alisema hakuna haja ya kuandika ahadi mpya hadi zile za zamani ziishe zenyewe. Perpétue alimwambia alete spika. Akaileta, ina kinyesi cha kuku. Jocelyne niliandika ahadi yake, kwa sababu ni mgeni na ana haki: anataka kujua jina la kila mtu wa mstari wake wa nyumba kabla ya Pasaka. Nilimwambia nitamsaidia kwa usahihi wa majina.

Jumanne jioni Ezira alinipigia simu kutoka Kakoba. Alisema Sebagabo amewekewa mito miwili mgongoni ili abishane vizuri, na Uwamahoro amewakataza wote wawili kumtaja ng'ombe wakati wa chakula. Alisema wanalala chumba kimoja, na taa ikizimwa kaka yake huanza tena. Nilisikia kikohozi nyuma yake, kisha sauti ikisema, "Mwambie Karani aandike bihogo!" Nilimwuliza Ezira atarudi lini. Hakusema lundi. Alisema atarudi siku kaka yake atakapokubali kwamba Nyamwiza alikuwa gaju.

Sebagabo hakukubali. Alifariki Kakoba, Ijumaa, tarehe 9 Januari, saa tano asubuhi.