Mabehewa Manane ya Mzee Phares Mativo

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Kaloleni na jamaa mliokuja kutoka Wamunyu, mashahidi wote waliohojiwa na familia wanakubaliana juu ya mambo matatu: kwamba Jumamosi tarehe 14 Agosti 1993, ndani ya ukumbi huu, garimoshi dogo la umeme lililojengwa na Mzee Phares Mativo na jirani yake Mzee Andati lilishindwa kupanda kilima likivuta mabehewa manane, kwamba tangu siku hiyo wazee hao, ambao milango yao haiachani hatua ishirini, hawakusemezana tena, na kwamba kifo kimemkuta mmoja wao kabla ya kupatana kwa maneno. Mengine yote yana ubishi, na yatasomwa hapa pamoja na ushahidi wake.

Marehemu alizaliwa Wamunyu, wilaya ya Machakos, mwaka 1938, mtoto wa tatu wa Mzee Muthama, mchonga vinyago, na Mama Mwongeli. Kitambulisho kinasema mosi Januari, lakini tarehe hiyo ilibuniwa na karani, na mamake alishikilia hadi mwisho wake kwamba ilikuwa msimu wa kuvuna mbaazi, kwa hiyo familia inauacha mwezi wazi. Alisoma katika shule ya misheni ya karibu na kwao kuanzia 1947 hadi 1954, akipata hesabu darasani na patasi miguuni pa babake.

Tarehe 2 Mei 1957 aliajiriwa na Reli kama seremala wa mabehewa katika karakana ya Nairobi, akatumika hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1991. Inasemekana hakuchelewa kazini hata siku moja. Daftari la zamu linaonyesha alichelewa mara mbili, na mara zote mbili mvua ilikuwa imenyesha.

Alifunga ndoa na Mama Syombua tarehe 15 Desemba 1962, wakahamia mtaa huu wa Kaloleni, Nairobi, wakajaliwa watoto watatu, Wavinya mwaka 1964, Mutie mwaka 1967, na Vivian mwaka 1972.

Baada ya kustaafu, mikono yake ilikataa kukaa bure. Mzee Andati, fundi wa kusuka mota kiwandani, alikuwa na mota kuukuu za redio za kaseti, na marehemu alikuwa na mbao, wakaanza na mashua ndogo walizozishindanisha masika katika maji yaliyotuama uwanjani, huku akina mama wakinung'unika kwamba mabeseni yao ya kufulia yamegeuzwa bandari. Kisha wakaingia kwenye treni. Reli zilikuwa za ukanda wa chuma wa kufungia makasha, mataruma ya kuzilaza juu yake yalikuwa vijiti vya aiskrimu, na umeme ulitoka kwenye betri ya gari iliyokwisha kustaafu kama mwenyewe. Wengi wenu mlisimama pale kizingitini chai ikipoa mkononi, mkingoja wazee hao wakubaliane kuhusu kona moja. Walikuwa na sheria moja tu, iliyoandikwa kwenye jalada la daftari lao: safari yoyote haihesabiki mpaka mashahidi wawili waione na kutia sahihi.

Injini ya garimoshi hilo marehemu aliichonga kutoka kipande cha mpingo alichoachiwa na babake. Ilipendeza macho, lakini ilikuwa nzito, kilo mbili kasoro robo kwa mujibu wa daftari. Mzee Andati alimsihi aichimbe ndani ipungue uzito, naye akajibu kwamba patasi haitaingia tumboni mwa mti wa babake. Yeye akamsihi Mzee Andati aisuke mota upya kwa koili ya waya mnene zaidi, naye akajibu kwamba mota zake hazisukwi mara mbili.

Ndiyo maana siku ile, katikati ya kilima kilichojengwa kwa meza tatu, injini ilisimama na moshi ukatoka. Vijana wakawapigia wazee kelele, "Imezima, mabuda!" Mzee Andati akasema mbele ya watu, "Bwana Mativo, umechonga jiwe la kusagia ukaliwekea magurudumu!" Marehemu akamjibu, "Na wewe Andati umesuka uzi wa kofia ukauita koili!" Ukumbi ukacheka sana. Wao hawakucheka.

Mnamo Novemba 1997 madaktari waligundua kwamba marehemu ana ugonjwa wa moyo, akalazwa kwa majuma mawili Machi 1998, akarudi nyumbani akiwa amedhoofika. Tarehe 1 Februari mwaka huu wa 1999 alizidiwa, akalazwa tena, na Jumanne tarehe 9 saa tano asubuhi akaaga dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Syombua.

Siku iliyofuata, tulipotafuta kitambulisho ndani ya sanduku lake la kazi, tuliikuta injini ile imefungwa kwa kibendera cha kijani cha Reli. Mizani ya duka la nyama ilisoma gramu mia saba. Tumbo lake lilikuwa limechimbwa, kuta zikabaki nyembamba kama ganda la boga. Mama Syombua anakumbuka kwamba Februari 1998 alikuta unga mweusi chini ya kiti cha mumewe, akadhani ni makaa, akaufagia.

Mota nayo ilikuwa imesukwa upya. Mama Syombua anakiri kwamba marehemu alipolazwa mwezi uliofuata, aliifunga mota hiyo katika leso, akampa Mama Kageha, mke wa Mzee Andati, kwenye mazoezi ya kwaya, na Mama Kageha akaiweka kando ya kikombe cha mumewe bila neno. Ilirudi kwa njia ile ile, na Mzee Andati ameiambia familia kwamba aliisuka kwa siku mbili bila kujua ni ya nani. Familia inaiheshimu kauli hiyo, ila inaona tabu kuamini kwamba fundi anayetia nukta ya rangi nyekundu kwenye kila mota yake hakuiona nukta yake mwenyewe.

Mwisho ni daftari, na ukurasa huu Mzee Andati hajauona hadi leo. Umeandikwa kwa mkono wa marehemu: "12 Aprili 1998. Mabehewa manane. Kilima kimepandwa." Ilikuwa Jumapili ya Pasaka, nyumba nzima ilikuwa kanisani, wala hakuna aliyeona. Chini yake ipo sahihi moja, yake mwenyewe, na chini ya sahihi hiyo umepigwa mstari wa pili kwa rula, ukaachwa mtupu. Mtu aweza kusema ni mazoea tu ya mkono. Lakini baada ya ugomvi marehemu aliandika safari kumi na moja za mashua akiwa peke yake, na kila moja ina mstari mmoja tu wa sahihi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa karakana wanaosimamia safari ya kesho ya mazishi Wamunyu, kwaya, na majirani wote, hasa Mama Kageha, ambaye jiko lake halijazimika tangu Jumanne ile.

Kwa sheria yao wenyewe, safari ya Pasaka bado haijahesabiwa. Reli zimetandikwa hapa mbele, kilima ni kile kile cha meza tatu, mabehewa ni manane, na familia inamwomba Mzee Andati aje awashe swichi. Kalamu iko juu ya daftari, na kutia sahihi au kutotia ni hiari yake. Pumzika sasa, Phares wa Muthama, zamu yako imekwisha na njia iko wazi. Nanyi mlioketi hapa, tazameni magurudumu, kisha amueni wenyewe mstari ule wa pili ulikuwa ukimngoja nani.