Kalata ya Mama Edina

Kijiwe chetu hapa Mpemba kipo kando ya barabara ya malori, mbele ya gereji ya matairi. Kahawa ni ya Igamba, watu ni wabishi, nami nikiwemo. Jana tulimkalia kooni Ambwene, mchora maandishi ya malori. Tangu masika kaacha kazi za watu, anachora karata za kutazamia bahati alizoziona kwenye simu, ila kazigeuza za kwetu: Gari la Ushindi ni lori la semi, Mnara ni ghorofa linaloporomoka, na Kifo kavaa koti la mvua. Alisema ni oda ya mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na akiharibu, jina lake limekwisha huku na kule.

— Huyu Mnyongwa mbona miguu juu? aliuliza Osea, tunayemwita Jaji, kaishika karata mojawapo. Hata kunyonga hujui?

— Ndivyo alivyo, Jaji.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Huyu wako kainama mpaka kapitiliza.

Ngusa, mfugaji wa Momba anayejiita Profesa, alikuwa na lake.

— Bei ya kahawa ya Mbozi inapangwa kwa hizo. Wazungu wanachanganya mezani, ukitoka Mnara, bei chini mpaka mkulima auze.

Jaji akadai hata foleni ya mpakani wanaichezea karata. Tukacheka, mimi kuliko wote, maana simpendi mtu anayeacha kazi inayolisha watoto akafuata picha za simu. Ambwene alizidi kuzifuta vumbi kwa shati lake.

Ndipo akafika mwenye oda, Mama Edina. Akazitazama zote, akasifu rangi.

— Nzuri, fundi. Sasa kalata yangu iko wapi?

— Ndizo hizi, mama. Si ulitaka kalata ya kumwambia binti yako yatakayomkuta kwenye ndoa?

— Kalata. Ya kuandika, na maua pembeni. Inasomwa kesho harusini.

Nusu yetu hapa karata tunaiita kalata, na hakuna aliyekumbuka kwamba kwa Kibemba cha ng'ambo kalata ni barua. Jaji, anayejigamba kukijua Kibemba, akageukia malori.

Mama Edina akainua karata moja.

— Hizi zinajua yajayo?

— Zinajua, mama, Ambwene akasema kwa sauti ndogo.

— Mbona hazikukwambia nakuja kufuata barua?

Ambwene akaanza kuzikusanya karata zake. Nilimwonea huruma, lakini sikumwambia.