Filomena Mkude, Mama wa Hoho Zisizoshika Unga

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani mliopanda na kushuka milima kuja kutufariji, poleni, na wakubwa wote shikamooni. Familia imenituma nisome maisha ya mama yetu, na nitayasoma yote, pamoja na kosa lake, kwa kuwa mwenyewe alikataza lifichwe.

Filomena Yohana Mkude alizaliwa tarehe 4 Machi 1961 hapa Mlali, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapahapa kijijini kuanzia 1969 hadi 1975, kisha akafanya kazi ya upishi shuleni Kilakala, mjini Morogoro, tangu 1980. Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na marehemu Geofrey, fundi wa kiwandani, wakajaliwa watoto watatu, Evance, Pendo na mimi, Rahel. Mwaka 1998 alirudi Mlali kulima shamba alilogawiwa na ukoo wa mama yake, na hoho ndizo zilizompa jina.

Mwaka 2015 ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe majanini, ulipopukutisha majani ya hoho bonde zima, za Mama zilisimama, kwa sababu alipanda mbegu chotara inayostahimili ugonjwa huo. Majirani wakaomba mbegu, naye, mkono wake haujui kufumba, akapasua hoho zilizoiva, akaanika mbegu ungoni, akagawia kaya kumi na moja, bila kujua kwamba mbegu inayotoka kwenye chotara haimfuati mzazi wake. Msimu uliofuata unga ukarudi, na Bi. Mwajuma Kibwana akapoteza nusu eka yote. Mama alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu akisema, "Mbegu ni yangu, na kosa ni langu." Bi. Mwajuma alimkaribisha chai, akamwambia kwa upole kuwa mbegu ya Filomena haitaingia tena shambani kwake. Jamani, Mama aliumia.

Lakini hakukunja jamvi. Tangu 2017 aliwafuata wataalamu wa chuo cha kilimo, Mazimbu, akapata mbegu isiyo chotara, akawa anapindua majani mche kwa mche, maana unga huanzia chini ya jani, akang'oa miche dhaifu na kubakiza mbegu za iliyosimama. Aligoma kupuliza dawa kwenye matuta hayo, watu wakadhani amechanganyikiwa, kumbe mche uliokingwa hauonyeshi nguvu zake. Miaka mitano hakutoa hata punje, hata sisi wanawe tulinyimwa, mtani wetu Hashimu akamwita bahili wa Uluguru, naye akacheka tu. Mwaka 2022 ndipo alipogawa, na hoho zikasimama.

Novemba 2024 alianza kuugua figo, akalazwa mjini Morogoro mara tatu. Tarehe 7 Mei 2025 Bi. Mwajuma aliingia wodini na tawi la hoho ndani ya kanga. Kumbe alikuwa amechukua mbegu kwa Pendo kimyakimya. Akapindua jani mbele yake. Mama, aliyekuwa hawezi tena kusema, alilisugua kwa kidole gumba, akakitazama kidole, kilikuwa safi, akalia, na sisi tukalia. Alifariki siku mbili baadaye, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wataalamu wa chuo, jumuiya na majirani wote.

Mama, wenzako wamekusamehe, nawe sasa jisamehe, upumzike kwa amani.