Ukuta wa Jikoni

Kwenye basi dogo la Kosta kutoka Tunduma, mama mmoja alikuwa amepakata ndoo ya rangi iliyokoza kama mkaa. Mzee aliyekaa naye akamuuliza ni ya nini. "Ya ukuta wa jikoni, baba. Napikia kuni." Mzee akacheka: "Sasa si moshi unakupakia bure?"

"Moshi unapaka nusunusu. Mama mkwe akija kutoka Ileje anapitisha kidole ukutani, anamwonyesha mwanawe masizi."

Mimi niliyekaa nyuma yao nikaficha kidole changu kwenye kitenge. Nami ni mama mkwe.

"Na kidole kikitoka cheusi vilevile?" mzee akauliza. "Nitamwambia rangi haijakauka." "Mwaka mzima, mama?"

Kosta ikasimama Mlowo, yule mama akashuka na ndoo yake. Nikakumbuka jiko la mkamwana wangu, ambalo rangi yake haijakauka tangu Pasaka.